Jiko la mkaa hemani: jibu kwa mama anayepanga kulala na watoto kando ya msitu wa Amani

*"Daktari, tunaishi Tanga mjini na tuna watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili ana miaka 7 naye ana pumu isiyo kali, na wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minne. Mume wangu anataka mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, twende tukalale hemani siku tatu kando ya msitu wa hifadhi wa Amani. Mama mkwe amekataa kabisa. Anasema msitu ule una nyoka na mbu, na mtoto mdogo halazwi porini. Jirani ametushauri tuzungushie hema chumvi na mafuta ya taa ili nyoka wasikaribie. Kwa baridi sina wasiwasi, kwa kuwa jioni tutaingiza jiko la mkaa hemani mpaka watoto wapate usingizi, kisha tutalitoa. Je, twende, au tuahirishe mpaka mdogo akue? Na je, tuwape watoto dawa ya malaria kabla ya safari?"*

Mama, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi ambayo wewe uliiandika kwa wepesi kuliko zote. Nyoka umewaogopa, mbu umewaogopa, mama mkwe naye una haki ya kumwogopa kidogo, lakini jiko la mkaa umelitaja kama jambo lililokwisha kupata ufumbuzi wake. Mimi naliona kinyume. Kama ningeruhusiwa kubadili kitu kimoja tu katika safari yenu, nisingegusa tarehe wala mahali. Ningelitoa jiko hilo hemani, na mafuta ya taa ningeyaacha Tanga. Katika mpango wenu mambo mawili yanayoweza kuua mtoto kwa haraka zaidi ni yale mliyoyachagua kuwa kinga.

Nianze na jiko, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba hatari ya mkaa ni moshi, na kwamba mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu bila moshi, basi ni salama kuuingiza ndani. Moshi, kwa kweli, ndio unaotuokoa, kwa kuwa unawasha macho na kutukohoza hadi tukatoka. Kinachoua ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala haiwashi, na ambayo mkaa huitoa kwa wingi pale unapoungua taratibu bila hewa ya kutosha, yaani hasa ule mkaa mwekundu uliotulia na kufunikwa na majivu. Ndani ya damu yetu mna kibeba oksijeni kiitwacho hemoglobini, na gesi hii huking'ang'ania kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishakaa pale haibanduki upesi; mtoto anaendelea kupumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu yake haipeleki oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na hapo ndipo penye mtego, kwa maana mzazi anayeona watoto wamelala upesi baada ya safari ndefu husema wamechoka. Ninyi mmepanga kulitoa jiko "wakipata usingizi", yaani mmechagua kuwa ishara ya usalama jambo lile lile ambalo linaweza kuwa ishara ya sumu. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo gesi huwafikia mapema, na hema ni chumba kidogo kuliko chumba chochote cha nyumbani kwenu. Kuacha zipu wazi hakutoshi, kwani hewa inayopita pale hutegemea upepo, na usiku msituni mara nyingi hauna upepo.

Kwa hiyo jiko lisiingie hemani hata kwa dakika tano, lisiwekwe mlangoni mwa hema, na likishapikiwa lizimwe kwa maji mbali na mahali mnapolala. Iwapo siku yoyote, hata nyumbani, watu wawili au zaidi waliolala chumba kimoja chenye jiko wataamka pamoja wakiumwa kichwa na kutapika, msiwaze chakula kwanza. Tokeni nje wote, kisha nendeni hospitali mkaseme wazi kwamba mlilala na jiko, kwa sababu tiba ni oksijeni.

Lakini baridi yenyewe si ya kubuni, na sitaki kuwanyang'anya jiko bila kuwapa kitu badala yake. Amani yenyewe ipo kwenye kimo cha mita 900 na zaidi juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mtu aliyezoea usiku wa Tanga wa mwezi wa sita ataona tofauti kubwa, hasa kwa vile hewa ya Usambara ni ya unyevunyevu. Msitu ule hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata Juni, masika yakiwa yamekwisha, manyunyu hayakosekani. Joto la mtu aliyelala hemani huibwa zaidi na ardhi iliyo chini yake kuliko na hewa iliyo juu yake, na ndiyo maana familia nyingi hujifunika mablanketi matatu na bado zikatetemeka. Wekeni turubai, juu yake mkeka, juu yake godoro la sponji, ndipo mlale. Blanketi moja lililoongezwa chini lina faida kuliko mawili ya juu. Nguo za kulalia ziwe kavu na zisiwe zile zilizovaliwa mchana, kwa sababu jasho na umande huondoa joto mwilini. Mtoto wenu wa mwisho avae soksi na kofia, alale ubavuni mwako, kwani mwili wake mdogo hupoteza joto haraka ukilinganisha na uzito wake. Mguse shingoni usiku: ikiwa pana joto na pakavu, yuko sawa, ikiwa pana jasho, mmemzidishia. Viganja vya mikono visiwasumbue, huwa baridi hata kwa mtoto aliye salama.

Sasa chumvi na mafuta ya taa. Ushauri huu nimeusikia Tanga, Morogoro na Mtwara, na kila anayeutoa anamjua mtu aliyefanya hivyo na nyoka hakuja. Nyoka, mama, hakuja kwa sababu hakuwa na haja ya kuja. Yeye hatuli sisi wala hatuwindi, na hema letu halina kitu anachokitafuta isipokuwa tumemwekea mawindo yake, yaani panya na vyura, ambao wenyewe hufuata makombo, mifupa na maji yaliyomwagwa. Chumvi haimzuii kwa lolote. Ngozi yake ni magamba makavu, si utelezi kama wa konokono, ambaye nadhani ndiye aliyezaa imani hii. Mafuta ya taa, kwa upande wao, yanaweza kuwasha hema, na yana madhara mengine ambayo sisi madaktari wa watoto tunayafahamu vizuri mno: mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa huinywa. Yakiteremka tumboni madhara huwa machache, lakini tone dogo likipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia kali. Ikitokea, msimtapishe na msimpe maziwa, kwa kuwa kumtapisha ndiko kunakoyapeleka mapafuni, mpelekeni hospitali.

Nyoka wa kweli wapo Usambara Mashariki, na si busara kuwaambia watoto kwamba hawapo. Wapo swila wa msituni, wapo jamii ya kifutu wanaolala kimya juu ya majani makavu wasionekane, na wapo wa mitini. Mtu huumwa anapokanyaga au anapoingiza mkono asikokuona, na kwa sababu hiyo kinga yenu ni tochi kila mnapotoka usiku, hata kama ni hatua kumi kwenda chooni, viatu vilivyofunika mguu na si ndala, kuni kuokotwa mchana kwa kuzigeuza kwanza kwa fimbo, viatu kukung'utwa asubuhi, na zipu ya hema kufungwa muda wote. Hema liwe lile lililoshonwa pamoja na sakafu yake. Mtu akiumwa, mvueni pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, uzuieni mguu au mkono usitikisike kwa kuufunga kwenye kipande cha ubao kama uliovunjika, mbebeni badala ya kumtembeza, na nendeni hospitali. Msichanje, msinyonye, msiweke jiwe la nyoka, na msikaze kamba. Kamba iliyokazwa hukata damu hadi nyama ikafa, na ikifunguliwa ghafla huiachia sumu iingie mwilini kwa mkupuo. Msimwinde nyoka ili mumpeleke kwa daktari, kwa kuwa tunatibu kwa kuangalia dalili za mgonjwa, na mara kadhaa tumempokea mgonjwa wa pili aliyeumwa akimwinda nyoka huyo.

Kuhusu malaria, mama mkwe ana hoja, ila anaiweka mahali pasipo pake. Watoto wenu wanaishi Tanga, ambako mbu wa malaria wapo mwaka mzima; kupanda Amani hakuwaingizi katika hatari wasiyoijua. Vimelea vya malaria, baada ya kunyonywa na mbu pamoja na damu, lazima vikomae ndani ya mbu huyo kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine, na kukomaa huko hutegemea joto. Katika nyuzi 25 huchukua takriban siku 12; katika nyuzi 20, ambalo ndilo wastani wa Amani juu, hufika karibu siku 28, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Haina maana kwamba Amani haina malaria. Inashangaza kidogo kwamba kijiji hicho kilichopo mlimani ndicho kilichokuwa makao ya taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, lakini kilikuwa na maabara na majengo yaliyotangulia, kwani Wajerumani walianzisha hapo taasisi yao ya biolojia na kilimo mwaka 1902, na tambarare ya Muheza yenye malaria nyingi ipo chini yake tu.

Kwa hiyo, kwa familia inayoishi Tanga, sishauri dawa za kinga kwa siku tatu hizo, na naomba sana msinunue dawa mseto dukani mkaigawa nusunusu "kwa tahadhari", maana dozi pungufu haikingi na hufundisha vimelea kuizoea dawa. Ninyi mnahitaji hema lenye wavu usiotoboka, lililofungwa kabla ya magharibi na si baada ya mbu kuingia, nguo za mikono mirefu jioni, na mafuta ya kufukuza mbu. Yale yenye kiambato cha DEET cha asilimia 20 hadi 30 yanafaa kwa watoto waliozidi miezi miwili. Mpake wewe mwenyewe, usimpake mdogo viganjani kwa kuwa atavitia mdomoni. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, kwa hiyo mahali pa kulala ndipo pa kulindwa kuliko pengine popote. Hesabu yangu hubadilika kwa watu wa aina mbili: ndugu wanaokuja likizo kutoka nchi zisizo na malaria, hata kama wamezaliwa Tanga, na mtoto mwenye selimundu. Hao waonane na daktari kabla ya safari, na huyo wa selimundu aelezwe pia habari ya baridi, kwa sababu baridi inaweza kumletea maumivu makali.

Hapa ndipo panapokuja uchaguzi ambao huenda mume wako hajauwaza. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza nchini Tanzania kupewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia, haina kimo kimoja. Lango na kituo cha wageni vipo Sigi, kwenye kituo cha zamani cha reli ya Wajerumani, kwenye kimo kama nusu ya kile cha Amani juu. Sigi usiku si baridi sana, barabara ya kurudi Muheza ni fupi zaidi, lakini mbu ni wengi. Amani juu mbu ni wachache, baridi ni kali zaidi, na kipande cha barabara kinachopanda kutoka Sigi huteleza mvua inaponyesha. Kwa familia isiyo na mtoto mdogo ningesema Amani juu bila kusita. Kwa familia yenu naona bora Sigi, hema likiwa zima na wavu ukiwa salama, kwa sababu kufika kwa daktari upesi kuna uzito kuliko idadi ya mbu ambao mnaweza kuwazuia. Tena sehemu zote mbili zina nyumba za wageni, na hakuna sheria inayosema familia yote ilale hemani: baba na wakubwa wawili hemani, wewe na mdogo ndani chini ya chandarua chenye dawa, hatua chache kutoka hapo. Usiku wa pili, mkishaijua hali ya hewa, unaweza kuamua kujiunga nao.

Mtoto mwenye pumu asizuiwe kwenda, ila asikae upande moshi wa kuni unakoelekea, na shingo na mdomo vifunikwe kwa skafu alfajiri hewa inapokuwa baridi. Pampu yake ya kuvuta dawa ya kufungua kifua iwe mfukoni mwa mtu mzima, si ndani ya gari lililofungwa, na jueni ina dozi ngapi zilizobaki. Kama hamna kifaa cha kuvutia dawa, kile kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu hufanya kazi hiyo vizuri. Iwapo katika wiki nne zilizopita amekuwa akiamka usiku kwa kukohoa au kubanwa, pumu yake haijatulia, na hapo ningewaomba mwonane na daktari wake kabla ya kupanga lolote.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Maji ya kijito chemsheni hata yakionekana meupe kama ya mvua. Na kwa kuwa maji ya bomba mnayokunywa Tanga hutoka kwenye bwawa la Mabayani, ambalo hujazwa na mto Zigi unaoteremka kutoka milima hiyo hiyo, msioshe vyombo kwa sabuni kijitoni. Watoto wasiogelee kwenye madimbwi yaliyotuama ya huko chini, kwa sababu ya kichocho. Kabla ya kusimamisha hema tazameni juu, msiwe chini ya tawi lililokauka, kisha tazameni chini, msiwe kwenye njia ya siafu. Siafu wakija usiku hampigani nao. Mnawabeba watoto, mnatoka, mnasubiri wapite. Majivu ya moto, yakishapoa, mkiyatandaza kuzunguka hema husaidia kuwageuza njia, na hapo jirani yenu angekuwa na ushauri mzuri kama angechagua majivu badala ya mafuta ya taa.

Kabla hamjaondoka, pigeni simu Hospitali Teule ya Muheza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo mkaulize ni ipi yenye dawa ya sumu ya nyoka wiki hiyo, kwa kuwa dawa hiyo haipo kila mahali wala kila wakati. Ulizeni pia kituo cha afya kilicho karibu na kambi, na muwe na gari lililo tayari kuondoka usiku. Mkiwa kambini ondokeni mara moja mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa mgumu kuamka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msisubiri kuche. Homa ikimpata usiku wa pili, si mbu wa Amani aliyeileta, kwa kuwa malaria huchukua angalau wiki moja tangu kuumwa hadi homa. Atakuwa ameondoka nayo Tanga, na bado apimwe siku hiyo hiyo. Na kwa miezi miwili baada ya kurudi, homa yoyote ipimwe kabla ya dawa.

Basi jibu la swali lako ni kwamba nendeni, Juni hiyo hiyo, kwa mpangilio niliouandika, na mama mkwe aambiwe kwamba mjukuu wake mdogo atalala ndani ya nyumba chini ya chandarua, kwa sababu nadhani hilo ndilo lililomkera. Limebaki jambo dogo la mtoto wa miaka saba. Msituni usiku kuna mnyama mdogo aitwaye perere, ukubwa wa sungura, ambaye hupiga ukelele kama mtu anayekabwa, na kuna komba anayelia kama mtoto mchanga. Bundi naye hakosi. Msimulie mchana, mkiwa bado nyumbani, na mwige sauti hizo pamoja mpaka acheke, kwa kuwa mtoto mwenye pumu akiamka kwa hofu hupumua kwa pupa, na pumu hupenda mlango huo.